Nyuzi za Mama Pasi na Vitabu Viwili vya Umaskini

Mama Pasi alikuwa amesimama miaka hamsini na mmoja. Wako wanaosimama kugombea uongozi, wako wanaosimama kutoa hotuba, na hao wote hukaa mapema. Yeye alisimama mbele ya meza ya kupigia pasi, katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi ili moshi wa mkaa utoke na umbea uingie. Meza ilitandikwa blanketi la kijivu lililokunjwa mara nne, juu yake shuka, na mguu wake mmoja uliwekewa kipande cha tofali kwa kuwa ulikuwa mfupi kuliko wenzake. Mgeni akiutazama sana ule mguu, Mama Pasi humwambia meza haina neno, sakafu ndiyo yenye makosa.

Kusoma hakusoma sana. Alifika darasa la pili, akajua kuandika jina lake na kukokota maneno mafupi, kisha mama yake akaugua na pasi ikataka mtu wa kuishika. Darasa la tatu lingeweza kusubiri, mashati ya watu hayangeweza. Mpaka leo darasa la tatu linasubiri.

"Kusoma sikusoma," hupenda kusema, "lakini na mimi hakuna anayenisoma."

Kwa kuwa kuandika majina ya wateja kulimchosha, alikuwa na maandishi yake mwenyewe, nayo ni nyuzi. Kila nguo iliyoingia ilishonwa mishono miwili ndani ya kola kwa uzi wa rangi ya mwenyewe. Na rangi hazikugawiwa ovyo ovyo. Buluu ni ya wale wanaosalimia kwanza ndipo waulize nguo. Nyekundu ni ya wenye haraka. Kahawia ni ya wanaoficha madoa ndani ya mkunjo wakidhani mpiga pasi ni kipofu. Njano ilikuwa na mtu mmoja tu mtaa mzima, naye ni Daktari.

Daktari huyo si wa kutibu. Ni mhadhiri wa fasihi pale chuoni, na mtaani walishaacha kumpelekea watoto wenye homa. Njano aliipata siku aliyotoka na shati la mwenzake, shati zuri la mistari, akaapa mbele ya watu kuwa ni lake na duka alilolinunua analikumbuka. Mama Pasi akaipindua kola, akamwonyesha uzi wa mtu mwingine. Daktari akacheka, akasema huo ni usahaulifu wa wasomi. Mama Pasi hakucheka. Tangu siku hiyo akamtengea njano, rangi ya mtu anayetwaa cha mwenzake akasema changu. Daktari mwenyewe huiona kila wiki, na aliwahi kumsifia kwamba ni rangi changamfu.

Sasa, Mama Pasi alikuwa na mjukuu, binti wa binti yake, na huyo mjukuu alikuwa akisomea ualimu katika chuo hicho hicho cha Daktari, mwaka wa mwisho. Mama wa binti naye alipiga pasi ujana wake wote mpaka kifua kikakataa moshi wa mkaa. Hapo ndipo Mama Pasi alipoapa.

"Pasi hii ilimzika mama yangu," alisema, "ikaniinamisha mimi, ikamkohoza mwanangu. Kwako wewe haivuki. Nitaizuia hapa hapa mlangoni kwa miguu yangu hii iliyovimba."

Fundi viatu, ambaye ameweka kibanda chake barazani kwa Mama Pasi na hudhani masikio yake ni sehemu ya kodi, akadakia: "Lakini dada mkubwa, na mwalimu naye si husimama kutwa?"

"Husimama akitaka. Mimi nasimama nikiitwa. Shona viatu."

Basi kati ya binti na ualimu kulibaki kazi moja tu ya kuandika, ya somo la Daktari. Kazi yenyewe ilisema: linganisha ndoto na wahusika wa kike katika riwaya mbili zinazohusu umaskini. Akifaulu, anapangiwa shule. Akifeli, anarudia mwaka, na mwaka huo hakuna wa kumsomesha, kwani miguu ya bibi yake ilikuwa imeanza kutoa notisi. Atashika pasi. Hilo binti alilijua, bibi alilijua, hata fundi viatu alilijua, na yeye kwa kawaida hujua mambo nusu.

Mara ya kwanza binti aliandika yale yale aliyofundishwa darasani. Karatasi ikarudi na wino mwekundu: "Umerudia maneno yangu. Wewe mwenyewe unasemaje?"

"Sasa huyu anataka nini?" Mama Pasi aliuliza. "Umempa chake, amekataa?"

"Anataka mawazo yangu, bibi."

"Na unayo?"

Vitabu alikuwa amevisoma kwa haraka, usiku wa mitihani, na alichokumbuka ni kwamba watu walikuwa maskini.

"Haya, mke mwenzangu," bibi akamwambia, maana ndivyo wanavyotaniana. "Kaa kwenye ndoo hapo. Nisomee. Mimi mikono ina kazi, masikio yamekaa bure."

Ikawa kila alasiri binti anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasoma kwa sauti, na bibi anapiga pasi. Siku moja kitabu chenye jalada jekundu, siku ya pili kile cha buluu, kwa zamu, ili asichoke na kimoja. Kile chekundu kiliandikwa na mwanamume, picha yake iko nyuma, ameshika kidevu kama mwenye jino bovu. Cha buluu kiliandikwa na mwanamke, yeye picha yake imepigwa upande, hatazami mtu.

Na kwa zamu zile likazuka kosa ambalo chuoni hakuna ambaye angelifanya. Mama Pasi alivisikia vitabu viwili kama mtaa mmoja. Mwanamke wa kitabu chekundu, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kulia, alimwita Mlizi. Wa kitabu cha buluu, mjane mwenye watoto saba, alimwita Mama Saba. Na akawakalisha nyumba jirani, ukuta kwa ukuta.

"Huyu Mlizi analilia maji tangu jana," alisema siku ya tatu. "Mama Saba si ana kisima uani? Kwa nini asiende kuazima ndoo?"

"Bibi, Mama Saba yuko kitabu kingine."

"Kwani ni mbali?"

Binti alicheka mpaka ndoo ikapiga kelele chini yake. Kisha akaacha kucheka, akachukua kalamu, akaandika swali hilo pembeni. Maana ukiwaza, hakuna popote katika vitabu vyote viwili mwanamke maskini alipomwomba jirani kitu. Kila mmoja alikuwa maskini peke yake, kama vile umaskini ni chumba cha kupanga chenye kitanda kimoja.

Waliendelea. Mlizi aliota ndege mweupe aliyembeba kumvusha mto. Aliota katika sura ya pili, akaota katika sura ya tatu, na katika sura ya tano ndege akarudi na mwenzake. Mama Saba yeye aliota jumba la vioo lenye vyumba mia.

"Mia!" Mama Pasi akaweka pasi chini. "Na nani atavipiga deki?"

"Ni ndoto tu, bibi. Daktari anasema ni ishara ya matumaini."

"Mimi nilikuwa na vyumba viwili na watoto wanne, na matumaini yangu yalikuwa kipungue chumba kimoja. Halafu hebu nieleze. Ana watoto saba, ameanza kuota mwanzo wa ukurasa, mpaka ukurasa wa pili bado anaota. Hakuna hata mmoja aliyelia? Hakuna aliyekojoa? Watoto gani hao, wa mbao?"

Fundi viatu akadakia barazani: "Labda wamefundishwa adabu."

"Wamefundishwa na mtu asiyezaa. Shona viatu."

Ndipo wakafika ukurasa ambao Daktari huutolea mhadhara mzima kila mwaka. Mlizi yuko kwa bwana tajiri, anapiga pasi shati la hariri atakalovaa bwana siku ya arusi yake. Kitabu kinasema pasi yake ilikuwa nyekundu kama jua linalozama, na machozi yake yalidondoka moja baada ya jingine juu ya hariri nyeupe, na shati likang'aa kama mbalamwezi.

Mama Pasi akanyamaza. Mjukuu alimjua bibi yake. Ukimwona amenyamaza, jua anatafuta jiwe la kutosha mkono.

"Rudia."

Akarudia.

"Pasi nyekundu?"

"Nyekundu, bibi. Daktari anasema pasi ni ishara ya moyo unaowaka. Na machozi ni ishara ya utakaso."

"Pasi nyekundu ni ishara ya shati kuungua," alisema Mama Pasi. "Na machozi juu ya hariri ni madoa. Hariri ikidondokewa na maji inashika alama, kila chozi linaacha duara lake, na ukipitisha moto juu yake ndiyo umeligonga muhuri. Huyo bwana angekwenda kwenye arusi yake na shati lenye madoadoa kama chui, na Mlizi angefukuzwa kazi ukurasa huo huo, kitabu kikaisha, watu wakalala. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huyu mshika kidevu hajawahi hata kushika leso yake mwenyewe."

Akachukua sindano yake.

"Lete hicho kitabu."

"Bibi, ni cha maktaba!"

"Na mashati ni ya wateja. Nimewahi kuharibu?"

Hivyo ndivyo nyuzi zilivyoingia kwenye fasihi. Kwa kuwa Mama Pasi hakuweza kuandika pembeni kama wasomi, alishona. Palipo na mwanamke anayefanya kazi, na kazi yenyewe ikaonekana kama ilivyo, mishono miwili ya uzi wa kijani ukingoni mwa karatasi. Palipo na ndoto, uzi mweupe. Na pale mwanamume anaposimama kueleza huyu mwanamke ni nani, anataka nini, na uzuri wake unafanana na tunda gani, uzi mweusi. Nyuzi ziliachwa zining'inie kidogo nje, ili kitabu kikifungwa zionekane, kama anavyofanya kwenye furushi la nguo.

Siku moja tu alikaa. Ilikuwa zamu ya kitabu cha buluu. Mama Saba amesikia hodi, mgeni yuko mlangoni, na kabla ya kufungua anaenda mbio kuligeuza godoro ili upande uliolowa uende chini. Maneno yenyewe hayakuzidi mstari mmoja na nusu, wala hapakuwa na ndege.

Mama Pasi akavuta kigoda.

"Huyu hapa," alisema polepole, "huyu aliyeandika amewahi kulala mahali." Akashona uzi wa kijani kwa mkono wa taratibu, akaupitisha mara tatu.

"Bibi," binti akauliza, "na wewe huwa unaota nini?"

"Naota nimelala."

"Kweli kabisa, bibi."

Mama Pasi alitazama pasi. "Naota nasikia harufu ya nguo inaungua. Miaka hamsini na mmoja, ndoto ni hiyo hiyo. Naamka, naenda kuigusa pasi, nakuta ya baridi. Narudi kulala. Ndege hajawahi kuja. Na angekuja ningemfukuza, angenichafulia mashati meupe."

Binti aliandika yote hayo. Aliandika kuwa mwanamke maskini haoti asichokijua, huota kazi yake ikimharibikia mkononi. Aliandika kuwa Mlizi na Mama Saba wameazimwa ndoto za watu wenye nafasi ya kulala. Aliandika kuhusu pasi nyekundu, kuhusu vyumba mia na deki, na kuhusu godoro. Na kwa kuwa ni mtoto aliyelelewa vizuri na hachukui cha mtu, kila mahali akatia: "Bibi yangu, mpiga pasi, anasema..."

Karatasi ikarudi. Wino mwekundu: "Bibi si chanzo. Chanzo ni lazima kiwe kimechapishwa. Rudia kwa mara ya mwisho, Jumatatu."

Siku hiyo Mama Pasi alisomewa sentensi hizo tatu na zikamtosha. Hakukasirika kwa sauti, na hilo liliwatia hofu wote wawili, mjukuu na fundi viatu.

"Mimi si chanzo," alisema, kama anayeonja chumvi. "Shati analovaa akienda kusema mimi si chanzo, chanzo chake nini? Limejinyoosha?"

"Bibi, niache tu nitoe maneno yako, niandike kama ni yangu. Nitafaulu."

"Ukiyatoa maneno yangu utabaki na ndege. Na wewe kuyavaa maneno ya mtu ukasema yako, umejifunza wapi? Nikutafutie uzi wa njano?"

Binti akainama, akalia kidogo, kwa uangalifu, mbali na mashati.

Ijumaa jioni Daktari alituma shati. Jumamosi saa nne angelipitia mwenyewe, kwani saa sita alikuwa na kongamano kubwa kwenye ukumbi wa chuo, na redio ya mji ingelirusha hewani. Kongamano lilihusu mwanamke na umaskini. Wageni walikuwa wametangaziwa chakula cha mchana cha aina tatu.

Shati lilikuwa la hariri, jeupe. Mungu akitaka kumfurahisha mzee hachelewi.

"Bibi, nakuomba," binti alisema asubuhi ile, amemshika mkono. "Usiseme neno kuhusu kazi yangu. Akiudhika ndiyo basi tena."

"Neno la kazi yako halitatoka. Nitamuuliza habari za shati lake. Mpiga pasi haruhusiwi kuuliza?"

Saa nne Daktari akafika, suruali mpya kabisa chini na fulana ya ndani juu, koti mkononi, akilisubiri shati kama bwana arusi. Akakuta shati limelazwa mezani, halijaguswa. Kando yake pasi, imejazwa mkaa, cheche zinachungulia matunduni. Vitabu viwili vimewekwa kwenye ukingo wa meza, nyuzi zinaning'inia kama ndevu.

"Shikamoo, mama. Ah, bado? Muda umenibana."

"Marahaba, Daktari. Nilikuwa nakusubiri wewe. Kuna jambo la kitaalamu, nisingethubutu kuamua peke yangu." Akainua pasi, akaipuliza, cheche zikaruka. "Hili shati nilipige kama lilivyopigwa kitabuni, au kama ninavyopiga mimi?"

"Kitabuni?"

"Kile chekundu. Pasi iwe nyekundu kama jua linalozama." Akaishusha pasi ikawa kiganja kimoja juu ya kola. "Naambiwa wewe umeufundisha ukurasa huo miaka kumi na moja. Mimi ni wa darasa la pili. Sema tu, mwanangu, nitafuata elimu."

Barazani fundi viatu akasogeza kigoda chake mpaka mlangoni.

Daktari aliitazama pasi. Akatazama shati. Pasi ikashuka upana wa kidole.

"Kama unavyopiga wewe, mama," alisema haraka.

"Sawa. Na machozi? Nitie, au bila machozi?"

"Bila machozi, mama."

"Hata kidogo? Ya utakaso?"

"Mama, tafadhali, hariri hiyo!"

"Basi." Mama Pasi akaitua pasi kwenye kigae chake, akatandika kitambaa cha pamba juu ya hariri, akasubiri mkaa upoe, akaijaribu pasi kwenye tambara. Ndipo akaanza kola, taratibu, kutoka ncha kwenda katikati. Hakusema kitu kingine. Alikuwa ameahidi.

Mtu akisubiri shati, macho hutafuta kazi. Daktari alivuta kitabu chekundu. "Nyuzi hizi ni za nini?"

Binti alimtazama bibi. Bibi alitazama shati.

"Kijani ni mahali ambapo mwanamke anafanya kazi, na kazi inaonekana," binti alisema, sauti nyembamba. "Nyeupe ni ndoto. Nyeusi ni pale ambapo mwanamume anaeleza yeye ni nani."

Daktari akaanza kuhesabu kwa ncha ya kidole. Kitabu chekundu: nyeusi thelathini na moja, nyeupe kumi na tisa, kijani mbili. Cha buluu: nyeupe ishirini na mbili, nyeusi tisa, kijani nne, na moja kati ya hizo nene kuliko nyingine. Akahesabu tena. Watu wa elimu huamini kitu wakikihesabu mara mbili.

"Mbona nyeusi nyingi namna hii?"

"Hao ni ninyi," alisema Mama Pasi bila kuinua kichwa. Hilo halikuwa kuhusu kazi ya mjukuu, lilikuwa kuhusu nyuzi.

"Na hii nene?"

"Godoro," alisema binti.

Daktari akaufungua ukurasa, akausoma mara mbili. Kisha akatoa kijidaftari mfukoni mwa koti, akaandika mambo kwa haraka, akavaa shati lake likiwa bado na joto, akaondoka akikimbia.

"Amesema nini kuhusu kazi yangu?" binti akauliza.

"Hajasema."

"Nimekwisha, bibi."

Saa sita na nusu fundi viatu aliongeza sauti ya redio yake, kwa kuwa kongamano limeanza na alitaka wote waumie pamoja. Sauti ya Daktari ikatoka, imenyooka kama kola.

"Ndugu washiriki, kwa muda mrefu tumesema pasi nyekundu ni ishara ya moyo unaowaka. Katika utafiti wangu nimegundua kuwa pasi nyekundu ni ishara ya shati kuungua!"

Makofi. Yakaendelea. Kisha akasema habari za nyuzi, akaziita mbinu yake mpya, akataja hesabu zote bila kukosea hata moja. Akasema mwanamke maskini haoti ndege. Akasema habari za vyumba mia na deki, watu wakacheka ukumbi mzima.

Binti aliruka akasimama. "Ameiba! Bibi, ametuibia mchana kweupe! Jumatatu nikipeleka yangu ataniambia nimenakili yake!"

"Dada mkubwa, twende ukumbini," fundi viatu akasema, nyundo tayari mkononi. "Mimi nitashika mlango."

Mama Pasi aliendelea kukunja shuka, ncha kwa ncha.

"Kaeni chini nyote wawili. Mke mwenzangu, nisikilize. Wewe ulimpelekea karatasi yako lini? Si wiki iliyopita? Yenye wino wake mwekundu na tarehe?"

"Ndiyo."

"Na maneno ya pasi yamo?"

"Yamo."

"Haya. Jumatatu mpelekee mpya, na ya zamani uibane nyuma yake, wino uonekane. Maneno hayo hayo ameshapigiwa makofi na mji mzima umesikia redioni. Sasa atakufelishaje? Aseme ni mabaya? Ameyasema yeye. Aseme ni yake? Tarehe yake mwenyewe inamkana. Mtu aliyevaa shati lako hawezi kulitukana."

Fundi viatu aliweka nyundo chini taratibu. "Dada mkubwa, uliishia darasa la ngapi?"

"Shona viatu."

Binti alifanya hivyo hivyo, na kazi mpya akaichapisha kwa mashine. Kazi ilirudi baada ya wiki mbili, na safari hii wino ulikuwa wa buluu: sitini na nane, amefaulu. Chini yake Daktari aliandika kwamba orodha ya marejeo haijakamilika, na kwa ukarimu akaijaza mwenyewe. Shule alipangiwa mwezi uliofuata. Kuhusu vitabu, mkutubi alipiga kelele siku moja, kisha akaziacha nyuzi zilivyo, na wanafunzi waliofuata wakaacha kabisa kusoma vitabu vyenyewe, wakawa wanasoma nyuzi tu. Mama Pasi alipoambiwa hilo alisema elimu ina njia nyingi.

Lakini siku ile kazi iliporudi, aliivuta karatasi ya mwisho karibu na dirisha, akakokota maneno kwa kidole. Alitaka kuliona jina lake. Palikuwa na mistari minne: mwandishi wa kitabu cha buluu, Daktari na hotuba yake ya kongamano, mshika kidevu, na mwisho kabisa: Mama Pasi, mpiga pasi, maelezo ya mdomo.

"Mimi niko chini ya Daktari kwa nini?"

"Ni alfabeti, bibi. Inafuata herufi za majina, haimpendelei mtu."

"Alfabeti haipendelei, lakini imewajua wenyewe." Akauliza tena, sauti chini kidogo: "Na hapa mimi ni chanzo?"

"Wewe ni chanzo, bibi."

"Kimechapishwa?"

"Kimechapishwa."

Mama Pasi akatoa sindano kwenye kola yake, anakoiweka siku zote. Penye mstari wake wa chini akashona mishono miwili ya kijani, akaukata uzi kwa meno. Kisha akakichambua kikopo chake cha nyuzi, akatoa njano, akapanda juu mpaka kwenye jina la Daktari, akashona vizuri, kwa kukaza, ili hata karatasi ikifuliwa isitoke.